Risasi ya .375 ya mwaka 1912: je, bado inafaa kwa kazi ya leo?

Leo tunaacha kidogo pilipili, mizinga ya nyuki na tochi tulizozoea kuzijadili hapa, tuzungumzie bunduki. Swali limekuja kwa namna mbili. Wapo waliorithi bunduki za wazee zenye maandishi ya .375 kwenye mtutu, wanauliza kama ni za kutumia au ni za kumbukumbu tu. Na wapo vijana wa doria za vijiji wanaouliza kwa nini mgeni anayekuja kuwinda kwenye kitalu anaruhusiwa kumfuata nyati na .375, ilhali askari anayeitwa tembo wakiingia kwenye mahindi anabeba .458.

Jibu fupi ni hili. Kwa uwindaji, .375 bado inafaa, tena leo ni bora kuliko siku ilipozaliwa. Kwa kumsimamisha tembo anayekujia mbio akiwa hatua kumi na tano, haikuwa chaguo la kwanza hata mwaka 1912. Ili kuelewa kwa nini risasi moja ina majibu mawili, inabidi turudi nyuma kidogo.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Hapa nikisema risasi nina maana ya kitu kizima: ganda la shaba nyeupe au njano, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka mbele. Nikisema kichwa, ni kile kipande kinachomwingia mnyama. Watu wengi huchanganya viwili hivi, na kwenye habari ya .375 kuchanganya huko kunaficha jambo lenyewe, kwa sababu ganda limebaki lilelile kwa zaidi ya miaka 100 lakini kichwa kimebadilika sana.

Wakati wa baruti nyeusi

Mwindaji wa Kiingereza Frederick Selous alifika kusini mwa Afrika mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 19. Tembo wake wa mwanzo aliwapiga kwa bunduki za kushindilia kwa mdomo, ndugu wa magobore tunayoyajua vijijini, ila zake zilikuwa za kutisha: zilirusha gololi ya robo ratili, yaani karibu gramu 113. Baadaye mwenyewe alijuta kuzitumia, maana mateke yake yalimharibu mishipa ya fahamu na kumfanya asilenge vizuri hata akishika bunduki ndogo. Huyu ndiye aliyeuawa Beho Beho, karibu na mto Rufiji, Januari 1917 katika vita dhidi ya Wajerumani, na pori kubwa la akiba likapewa jina lake. Sehemu kubwa ya pori hilo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi lake liko hukohuko.

Kwa nini walihitaji gololi kubwa kiasi hicho? Kwa sababu baruti nyeusi haina kasi. Ukitaka nguvu na huwezi kuongeza kasi, unabaki kuongeza uzito. Nguvu ya kichwa cha risasi hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito, kuzidisha kwa kasi, kisha kuzidisha tena kwa kasi. Kasi inahesabiwa mara mbili, uzito mara moja. Kwa hiyo baruti mpya isiyotoa moshi, ile Waingereza waliyoiita kodaiti, ilipotoka mwaka 1889, hesabu yote ilibadilika. Kichwa chembamba na chepesi kikaweza kufanya kazi ya gololi nene, na mwindaji akaacha kusimama katikati ya wingu la moshi asijue tembo kaenda wapi.

Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa .450 ya baruti hiyo mpya kwa bunduki za mitutu miwili. Zilikuwa bunduki nzuri sana na za bei mbaya sana. Mtu wa kawaida hakuweza kuzinunua.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Walikuwa na bunduki ya jeshi ya Mauser ya mwaka 1898, ya komeo, ile unayoinua na kuvuta mkono ili risasi inayofuata iingie. Ilikuwa imara, rahisi, na imetengenezwa kwa wingi. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, alibuni risasi ya milimita 9.3 inayoingia kwenye Mauser hiyohiyo bila kurefusha chochote. Walengwa walikuwa walowezi na maafisa wa Kijerumani walioko Afrika, nchi yetu ikiwemo, kwani wakati huo ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kichwa chake cha gramu 18.5 kilitoka kwa kasi ya karibu mita 720 kwa sekunde. Bunduki moja, bei ya mlowezi, kuanzia swala wa kitoweo mpaka nyati. Kwa maoni yangu Bock hajapewa sifa anazostahili, lakini leo habari si yake.

Holland na mkanda wao

Kampuni ya Holland & Holland ya London iliona Mauser inawapokonya wateja. Mwaka 1912 ikatoa jibu: .375 yenye mkanda. Namba hiyo ni kipenyo cha kichwa kwa inchi, ambacho ni milimita 9.5 na ushee. Ganda lake lina urefu wa milimita 72, limesinyaa polepole kuanzia chini hadi juu kama karoti nyembamba, na karibu na kitako lina pete nene iliyotokeza kidogo. Pete hiyo ndiyo mkanda.

Umbo lile la karoti halikuwa la urembo. Kodaiti ilitengenezwa kwa vijiti virefu vyembamba kama tambi, na ganda refu lisilo na mabega makali lilirahisisha kuvipakia. Faida ya pili ilionekana porini. Baruti ile ilikuwa na tabia mbaya: kadiri joto linavyopanda, ndivyo msukumo wake unavyopanda. Risasi iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza ikifika kwenye jua letu ilisukuma kwa nguvu zaidi, na ganda lililonyooka lingeweza kung'ang'ania ndani ya bunduki baada ya kufyatuliwa. Ganda lililosinyaa linaingia kirahisi na linatoka kirahisi. Mtu ambaye ganda limemkwamia mbele ya nyati aliyejeruhiwa hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo. Kazi ya mkanda ni kuzuia risasi isizame mbele kupita kiasi inapoingia kwenye bunduki, kwa kuwa mabega ya ganda ni laini mno kuaminiwa kwa kazi hiyo.

Ilitoka na vichwa vya uzito wa aina tatu. Kwenye boksi utaona namba 235, 270 na 300. Hizo ni greni, kipimo cha Kiingereza, sawa na gramu 15, 17.5 na 19.4 hivi. Kile kizito kilikwenda kwa kasi ya mita 760 kwa sekunde, nguvu yake takriban jouli 5,600. Walikipenda kwa sababu ya kuenea kwake: kichwa chepesi kwa wanyama wa mbali, kizito kwa nyati, kigumu kwa tembo, na bunduki ni ileile.

Walichokosa ni bei. Risasi nzima ilikuwa ndefu kuliko Mauser ya kawaida inavyoweza kumeza, hivyo ilihitaji Mauser ndefu maalumu. Na kwa miaka ya mwanzo kampuni iliishika kama mali yake peke yake. Baada ya Vita ya Kwanza iliiachia, na mwaka 1925 kiwanda cha Western cha Marekani kikaanza kuitengeneza. Mwaka 1937 Winchester wakaiweka kwenye bunduki yao ya Model 70, iliyotoka kiwandani kwa wingi. Hatua hizo mbili ndizo zilizoiokoa, kama tutakavyoona.

Risasi hufa njaa

Idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya hazikuwapa askari wao .375. Waliokuwa wakitumwa kudhibiti tembo mashambani walipewa zaidi .404 ya kampuni ya Jeffery, nayo ya Uingereza, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kichwa chake kina gramu 26, kinakwenda polepole kuliko .375, mita 648 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya jouli utapata karibu 5,400, yaani chini kidogo ya .375. Sasa mbona wakaichagua hiyo? Tutafika huko.

Tatizo la .404 halikuwa porini, lilikuwa Birmingham. Risasi hizi kubwa za Kiingereza zilitegemea kiwanda kimoja, Kynoch. Makoloni yakawa huru, wateja wakapungua, na katika miaka ya 1960 Kynoch akaacha kuzitengeneza. Bunduki nzuri zikabaki ukutani hazina chakula. Risasi za .404, .416 ya Rigby na .470 zikageuka kuwa bidhaa ya kutafutwa kwa kusikilizia nani kabakiwa na boksi. Viwanda vingine vilikuja kuzirudisha miaka mingi baadaye. Lakini .375 haikuguswa na njaa ile kwa sababu Wamarekani walikuwa wanaitengeneza kwa ajili ya dubu wao wa Alaska. Ukweli ni kwamba risasi bora kuliko .375 kwa kazi fulani zilikuwepo. Zilikufa kwa kukosa duka.

Mwaka 1956 Winchester walileta .458 kujaza pengo hilo: kichwa cha gramu 32, kaliba karibu milimita 11.6, kwa bunduki ya bei ya kawaida. Ganda lake ni mjukuu wa .375, limefupishwa na kunyooshwa, mkanda ukiwa palepale. Serikali na wawindaji bingwa waliipokea haraka. Ila walikuwa wamelifupisha mno. Baruti ilishindiliwa ndani mpaka ikakandamana, na risasi zilizokaa muda mrefu ziliganda kama sukari iliyopata unyevu. Baadhi zilitoka kwa kasi chini ya mita 600 kwa sekunde. Kwenye kasi hiyo .458 haizidi sana .404 ya wazee. Baruti za leo zimepunguza tatizo hilo, lakini nikikuta askari ana boksi la .458 la miaka ya 1970, simshauri alitegemee.

Bell na Taylor

Kuna hoja utaisikia kila wanapokutana watu wa bunduki: "Karamojo Bell aliua tembo kwa risasi ndogo, kwa hiyo ukubwa si kitu." Tuiangalie vizuri, kwa sababu imeshawaponza watu.

W.D.M. Bell, Mskoti, aliwinda pembe za ndovu Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ya milimita 7, kichwa cha gramu 11 tu. Ni kweli kabisa. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Ubongo wa tembo mkubwa una kilo kama 5, umejificha nyuma ndani ya mfupa uliojaa matundu kama sega la asali, na ukiupata, mnyama anaanguka papo hapo hata kwa risasi ndogo iliyo ngumu. Bell alikuwa mlengaji wa kipekee, kwenye nchi ya wazi, kwa tembo ambao wengi hawakuwa wamezoea kufukuzwa na bunduki. Tembo wetu wa leo anayeingia shambani saa 8 usiku ameshapigiwa makopo, ameshamulikwa, na huenda anatembea na marisau mwilini. Huyo si tembo wa Bell.

John Taylor, aliyewinda miaka mingi Msumbiji na nchi za jirani, aliuliza swali jingine: je, ukiukosa ubongo? Katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu bunduki na risasi za Afrika alitoa kipimo chake mwenyewe, ambapo uzito, kasi na kipenyo vinazidishwa pamoja, kila kimoja mara moja tu. Alitaka kupima mshtuko wa kichwa cha risasi kinachopita karibu na ubongo bila kuugusa: tembo atazimia kwa muda, au atatikisa masikio na kuendelea kuja? Ukipiga hesabu yake, .375 inapata kama 40, .404 inapata 51, na .458 ikiwa na kasi yake kamili inapata 69 hivi. Wapo wanaokipinga kipimo hicho, na si sheria ya fizikia. Hata hivyo kinaeleza kwa nini idara zilimpa askari .404 yenye jouli pungufu. Mwindaji huchagua mnyama, upande na dakika ya kupiga. Asipopenda, anaondoka. Askari aliyetumwa na kijiji hachagui. Anapiga pale tembo alipo, mara nyingi uso kwa uso, na risasi yake inapaswa kumsaidia pia pale mkono wake ulipokosea kwa sentimita tano.

Taylor huyohuyo, mtu wa kaliba kubwa, aliisifu sana .375 kama bunduki ya kazi zote. Hakujipinga. Kazi ni mbili.

Kilichobadilika ni kichwa

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa anawinda moosi, paa mkubwa wa nchi za baridi, huko Kanada. Mkononi alikuwa na .300, risasi ya haraka iliyozaliwa kutoka kwenye ganda la .375. Mnyama alikuwa amepakaa matope makavu begani, na vichwa vya risasi vilipasuka juujuu bila kufika ndani. Nosler akarudi nyumbani akabuni kichwa chenye vyumba viwili: cha mbele kinachanua, cha nyuma kimezuiwa na ukuta wa shaba kisivunjike. Kikaingia sokoni mwaka 1948.

Hapo ndipo .375 ilipoanza kuzaliwa upya. Kichwa laini cha mwaka 1912 kikigonga mfupa wa bega la nyati kingeweza kusambaratika, na kichwa kigumu cha zamani, kilichokuwa madini ya risasi ndani ya ganda la chuma, mara nyingine kilipinda na kukata kona mwilini. Leo kuna vichwa laini vilivyounganishwa na shaba yake visichanike, na vichwa vigumu vya shaba tupu vinavyokwenda moja kwa moja. Baruti ya leo nayo haiyumbishwi na joto kama ile ya tambi. Kwa hiyo mtu anayempiga nyati kwa .375 leo ana silaha ya kuaminika zaidi kuliko babu yake, ingawa namba kwenye boksi ni zilezile.

Teke pia lina maana. Teke la .375 ni kama mara mbili ya lile la .30-06 ya kawaida, la.458 linakaribia mara tatu. Mtu wa kawaida akifanya mazoezi anaizoea .375. Wanaoizoea .458 ni wachache, na nimeona askari akifumba macho kabla hajavuta kidole. Kwa mtu kama huyo .375 inayofika mahali pake inashinda .458 inayopita juu ya mgongo.

Kanuni zetu za uwindaji zinaiweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na naona wamepata sawa. Kiwango cha chini maana yake ni kwamba mwenye leseni, aliyetulia, mwenye mwindaji bingwa pembeni akiwa na bunduki kubwa zaidi, anatosheka nayo. Kwa askari wa kudhibiti tembo peke yake kwenye kichaka cha mahindi, mimi ningempa .458 yenye risasi mpya, pamoja na mazoezi ya kutosha. Kama bajeti haitoshi kununua risasi za mazoezi, mpeni .375. Kuhusu mkulima: bunduki yoyote iliyoko nyumbani kwako si ya tembo. Tembo mwenye jeraha la marisau analipiza kwa jirani yako kesho yake.

Wapinzani wapya wapo. Mwaka 2007 Hornady na Ruger walitoa .375 Ruger, isiyo na mkanda, fupi kiasi cha kuingia kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, na yenye kasi ileile au zaidi kidogo. Kiufundi ni bora. Lakini ukisafiri nayo hadi Mpanda au Liwale na boksi likapotelea njiani, jiulize utapata wapi jingine.

Kwa mliorithi

Kwanza karatasi. Leseni ya bunduki ni ya mtu, haigawanywi kwenye matanga pamoja na mashamba. Bunduki ya marehemu ipelekwe polisi ili taratibu za Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 zifuatwe. Usiiweke juu ya dari ukisubiri kikao cha ukoo.

Pili, si kila bunduki yenye .375 inakula risasi moja. Waingereza walitengeneza .375 kadhaa: yenye mkanda, yenye ukingo kitakoni kwa bunduki za mitutu miwili, na nyingine za zamani zaidi zenye nguvu ndogo. Hazibadilishani hata kidogo. Soma maandishi yote kwenye mtutu, si namba tu, na mpe fundi bunduki mwenye kibali aipime kabla hujanunua chochote. Bunduki ya mitutu miwili iangaliwe kwa makini zaidi, kwani mitutu yake ilipangwa kwa uzito na kasi fulani, na ukibadilisha, risasi ya kulia na ya kushoto haziendi mahali pamoja.

Tatu, risasi zilizokuja na bunduki. Ganda lenye kutu ya kijani, lenye ufa shingoni, au boksi lisilojulikana limekaa wapi, lisifyatuliwe; likabidhiwe polisi. Risasi mpya nazo usizianike kwenye dashibodi ya gari mchana kutwa.

Na kwa mwenye leseni ya nyati mwaka huu: piga shabaha kwa boksi lilelile utakalokwenda nalo, ukiwa umesimama, kwa umbali wa mita 50, kabla hujaingia porini. Wazee walikuwa na mpango ambao sijaona sababu ya kuubadili: kichwa laini kizuri kiwe cha kwanza kwenye mtutu, na vyote vinavyofuata kwenye magazini viwe vigumu, kwa sababu baada ya mlio wa kwanza nyati hukugeuzia matako, na kichwa laini hakifiki mbele kutoka huko.